Kamusi Iliyoanzia D

Shati likifika kwa Mama Pasi na doa la njano kwapani, hakumwambia mwenyewe. Alichukua kikaratasi, akaandika neno moja kwa kalamu ya risasi, oxter, akakibana kwa pini kwenye kola, akakitoa shati likiingia kwenye beseni na kukirudisha likikauka. Oxter ni kwapa. Mwenye shati akija kuchukua nguo zake na kukikuta kikaratasi kimesahaulika, alidhani ni jina la sabuni. Bwana mmoja wa benki aliwahi kuomba shati lake lifuliwe tena kwa oxter, kwa sababu mara ile lilitoka safi sana.

Hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya duka. Koti lililokaa kabatini mpaka likanuka hewa ya chumba kisichofunguliwa dirisha liliandikwa fug. Kitambaa cha meza kilichokuja na makombo yamekaukia kwenye pindo kiliandikwa ort. Mwanamke aliyeleta gauni lenye doa la mvinyo akasema ni juisi, huku akitazama sakafu kwa haya ya kuazima, aliandikwa mim, yaani mtu anayejitia adabu nyingi kuliko alizonazo. Na mteja msumbufu, yule anayelalamikia mkunjo aliokuja nao mwenyewe, alikuwa gowk. Gowk ni mpumbavu. Mama Pasi hakulitumia ovyo neno hilo. Mwaka mzima unaweza kupita akaliandika mara nne tu, na mara tatu zikawa za mtu mmoja.

Maneno hayo hakuyapata shuleni. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipoanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi ukuta wa watu, asiinuke tena kitandani. Nyumba iliweza kusomesha mtoto mmoja, na watoto walikuwa wawili. Mdogo wake alikuwa na kichwa chepesi, yeye alikuwa na mikono yenye nguvu, basi kila mmoja akaenda na alichopewa. Alipiga pasi hotelini miaka kumi na minne, shuka juu ya shuka. Huko akaolewa na mpika mikate, akazaa binti mmoja, na mpika mikate akaenda nchi nyingine kutafuta kazi. Akapata kazi, na mke. Mama Pasi alilisimulia jambo hilo hivyohivyo, kwa pumzi moja, na mtu akianza kumpa pole alimuuliza kama ana nguo za kufua.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza tatu, rafu ya wanga na sabuni, na dirisha la uchochoroni ambako paka wa jirani alilala mchana kutwa akilinda mvuke. Kamusi nene ya Kiingereza iliingia humo kuja kuegemeza mguu wa meza. Mteja mmoja aliyekuwa akihama mtaa aliiacha, akasema huenda itafaa, nayo ikafaa miaka miwili. Meza ilipotengenezwa, kitabu kikapanda rafuni, na hapo ndipo kilipoanza kuliwa. Muuza karanga wa kibarazani aliomba kurasa za mbele, akafungia karanga zake. Mtaa mzima ukala A, ukala B, ukamaliza C. Kurasa za nyuma alizitumia Mama Pasi mwenyewe. Mpiga pasi anayejiheshimu hagusi hariri ya mtu kabla hajajaribu chuma kwenye karatasi. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, anasubiri. Alianzia Z, akawa anarudi kinyumenyume, kila siku ukurasa, akiunguza bila kusoma.

Alipofika ukurasa wa mwisho wa S, umeme ulikatika. Pasi ilikuwa baridi, mikono haina kazi, akasoma. Neno la mwisho kabisa lilikuwa syzygy, maana yake jua, dunia na mwezi kujipanga mstari mmoja. Alikaa na ukurasa ule mkononi mpaka umeme uliporudi. Hakuwa amejua kwamba kuna mahali watu walikaa wakalitafutia neno jambo kama hilo. Tangu siku ile alijaribia pasi kwenye magazeti, na kila chuma kilipokuwa kikipata moto alisoma, kidogo kidogo, kutoka D hadi S, akamaliza, akaanza upya.

Mchezo wa herufi ulikuja baadaye, ukiletwa na Fundi Cherehani wa mlango wa pili. Ulikuwa ubao wenye miraba na vipande vidogo vya mbao, kila kipande herufi moja na alama zake, na wachezaji hupanga maneno ya Kiingereza yakatizane. Herufi mbili zilikuwa zimepotea. Fundi alizifidia kwa vifungo vya koti. Mchezaji wa tatu alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtaa ukimwita Breki, kwa sababu miaka thelathini barabarani hakuwahi kuziamini za gari la mtu mwingine. Walicheza kwenye meza ya katikati kuanzia saa nane mchana, wakati ambao hakuna mtu anayekumbuka nguo zake.

Sheria zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakimu ni Kitabu. Mwenye shaka anasema "Napinga", Kitabu kinafunguliwa, na neno lisilokuwemo limekufa. Aliyelileta analiondoa na anapoteza zamu. Ya pili, anayeweka neno ataje maana yake, kisha atoe sentensi moja juu ya mtu aliyemo chumbani. Bila sentensi hakuna alama.

Sheria ya pili ndiyo iliyowafanya wacheke mpaka muuza karanga akawa anachungulia. Siku Fundi alipoweka eyot, alieleza kwamba ni kisiwa kidogo katikati ya mto, kisha akasema kwamba upara wa Breki umebakiwa na eyot moja, nayo iko hatarini. Breki akangoja wiki nzima apate ort, makombo ya chakula, ili aseme kwamba tangu amjue Fundi hajawahi kuiona ort kwenye sahani yake. Lakini sheria ya kwanza ndiyo iliyokuwa na maajabu. Breki aliwahi kuweka cat. Fundi akapinga. Paka mwenyewe alikuwa dirishani, akaamka akawatazama. Kitabu kikafunguliwa kilipoanzia, kwenye D, na paka hakuwemo. Breki akapoteza zamu, paka akalala tena. Baada ya miaka sita hakuna aliyeona ajabu yoyote: katika chumba kile hapakuwa na mkate, kiti, meza wala maji kwa Kiingereza, ila palikuwa na makwapa, visiwa na sayari zilizopanga foleni.

Basi binti wa Mama Pasi, muuzaji wa duka la dawa, akapata mchumba. Kijana alikuwa mpole, mrefu, anayeinama akipita milangoni hata mirefu. Wazazi wake walikuwa watu wa maofisini, wenye kuzungumza Kiingereza wao kwa wao hata wakitafuta ufunguo. Harusi ikapangwa, ukumbi ukapatikana, na katika ratiba ilibaki nafasi moja ya kujaza: atakayesema kwa niaba ya upande wa bibi harusi.

Mama Pasi hakuwa ameomba mambo mengi maishani. Hilo alilitaka. Alikuwa amemlea yule mtoto peke yake, amemsomesha kwa mvuke, na hotuba yake alikuwa ameitunga zamani, kipande kipande, juu ya makola ya mashati ya watu. Lakini kabla hajafungua mdomo, Shemeji alishasema kwamba atazungumza yeye.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kwa miaka ishirini na miwili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenyooka kama rula, na kama rula alipenda kuwapima wengine. Alishawahi kusahihisha kadi ya pole kwa wino mwekundu na kuirudisha kwa aliyeiandika. Haki yake haikumhurumia mtu, hata yeye mwenyewe. Siku alipochelewa kazini dakika nne, alijiandika kwenye daftari la wachelewaji, na wanafunzi wakaona. Alisema wakwe wale ni watu wa Kiingereza na familia isije ikaaibika. Alisema kwa upole, na ndio uliomkera Mama Pasi zaidi. Alichofanya ni kuchukua kikaratasi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mashati ya Shemeji yalifuliwa hapohapo, na safari hii kikaratasi kilisahauliwa kwenye kola. Shemeji hakudhani ni sabuni. Alikwenda nyumbani, akafungua kamusi yake, ile nzima, na kesho yake saa nane alikuwa mlangoni, kikaratasi mkononi, tai shingoni. Fundi na Breki wakainamia ubao kama watu wanaotafuta sindano.

"Dada," alisema, "gowk ni nani?"

Mama Pasi aliweka pasi kwenye kisahani chake. Angeweza kusema ni kosa, ni shati la mtu mwingine, ni sabuni. Badala yake alimwambia kwamba ni yule anayetaka kumsemea mtu mwenye mdomo wake.

Shemeji alikaa. Alikitazama kikaratasi, akautazama ubao, na ilionekana kwamba kilichomshangaza si tusi bali kwamba tusi lenyewe lilikuwa sahihi. Aliuliza maneno kama hayo anayatoa wapi. Breki, ambaye hakuwahi kunyamaza palipohitaji kunyamaziwa, akajibu kwamba Mama Pasi ana maneno kuliko shule nzima ya Shemeji, na asiyeamini aje acheze. Kutoka hapo hakuna aliyekumbuka vizuri nani alisema nini kwanza, ila walipoachana walikuwa wamekubaliana mbele ya mashahidi: Jumamosi, mchezo mmoja, na mshindi ndiye atakayesimama ukumbini.

Jumamosi binti mwenyewe alikuja na koti lake jeupe la duka la dawa, akakaa juu ya kapu la nguo nyuma ya mama yake. Fundi alishika daftari la alama. Breki alishika Kitabu, au tuseme alikikalia. Shemeji aliomba asomewe sheria, naye Fundi akazisoma zote mbili, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Shemeji akasema ni za haki na anazikubali. Hakuomba kukiona Kitabu. Kamusi ni kamusi, alisema, na hakuna aliyembishia. Binti aliuma midomo akatazama dari.

Shemeji alianza. Aliweka water, akataja maana, akatoa sentensi kwamba Dada anatumia water nyingi kazini. Fundi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Napinga," alisema Mama Pasi, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe henga ya nguo.

Shemeji alicheka kwa heshima, akidhani ni utani wa kufungulia mchezo. Breki alinyanyuka kidogo, akachomoa Kitabu, akalamba kidole, akafunua kutoka nyuma. Alisema anaona syrup, anaona system, anaona syzygy, na baada ya hapo anaona jalada. Akasikitika sana. Water imekufa.

Mama Pasi akafungua ubao kwa neno lake mwenyewe. Shemeji akaja na bread, likapingwa, likafa. Akaja na chair, huku amekalia kiti, nalo likafa. Hapo akanyoosha mkono, akaomba Kitabu. Alikifungua mbele, akakuta D. Akakifungua nyuma, akaupitisha ukucha kwenye ukingo ulioungua. Mama Pasi alijua kwamba sasa atasimama, atafunga kifungo cha koti, atasema ule ni udanganyifu, na kwamba mtu yeyote mwenye akili angekubaliana naye.

"Nani alifanya hivi?" aliuliza Shemeji.

"Karanga na pasi," alijibu Fundi.

Pembe moja ya mdomo wa Shemeji ilipanda, ikashuka. Alisema kwamba alisomewa sheria, alizikubali, na mtu asiyesoma mkataba asilaumu wino. Akarudisha Kitabu kwa Breki, akavua koti na tai, akakunja mikono ya shati, lile ambalo Mama Pasi alikuwa amelipiga pasi Jumanne. Kisha akaanza kucheza.

Alicheza vizuri, mjinga huyu wa kikaratasi. Mama Pasi alikuwa mbele kwa alama sitini, zikawa hamsini, zikawa thelathini. Maneno ya A na W aliyaacha mlangoni kama viatu, akaingia na ya huku ndani. Sentensi zake za mwanzo zilikuwa kavu kama chaki, lakini sheria ya pili ina namna yake ya kumlainisha mtu. Mama Pasi aliweka fug, akasema kwamba fug ni hewa ya darasa la mwalimu asiyepumua. Shemeji akatafakari dakika mbili nzima, akaweka pedant. Ni mtu, alieleza, anayeng'ang'ania makosa madogo ya wenzake kuliko mambo yao makubwa.

"Sentensi," alidai Breki.

"Leo pedant amekula water, bread na chair," alisema Shemeji, "na bado ana njaa."

Fundi alicheka mpaka futi yake ya kupimia ikadondoka shingoni. Hata Mama Pasi alicheka, akasahau kwa muda walichokuwa wakichezea. Miaka yote ile aliyomjua, hakuwahi kumsikia akijicheka. Kisha Fundi akasoma alama na akakumbuka: Shemeji alikuwa mbele kwa saba.

Mfuko wa herufi ulikuwa mtupu. Shemeji amebakiwa na I mbili zisizokwenda popote, na kwao herufi ya mkononi haikatwi alama. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Mama Pasi. Mkononi alikuwa na V na W, na ubao wote ulikuwa umejaa isipokuwa pembeni, ambako O moja ilisimama na mraba mmoja mtupu juu yake na mwingine chini. Aliliona neno kabla hajalitafuta. Vow. Alama tisa, na alihitaji nane. Vow, ahadi ya kiapo, ile ambayo binti yake angeitoa wiki mbili baadaye mbele ya watu.

Nalo lilianza na V. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alijaribu kukumbuka ukurasa ule, ilikuwa siku gani, na alikuwa akijiandaa kupiga pasi nini. Pengine gauni la harusi la mtu.

Binti aliinama begani kwake, akanong'ona, "Mama, iweke tu. Hiyo kila mtu anaijua."

"Na water je?" alinong'ona Mama Pasi.

Akachukua W peke yake, akaiweka chini ya O. Ow. Alama tano, alisema. Ni sauti anayoitoa mtu akiumia. Walingoja sentensi. Aliwatazama mmoja mmoja, Fundi, Breki, Shemeji, binti yake juu ya kapu.

"Mama Pasi anasema ow," alisema.

Hakuna aliyecheka. Alikuwa ameshindwa kwa alama mbili. Shemeji alisimama kumpa mkono, na ndipo alipoiona V imebaki peke yake kwenye kibao cha herufi cha Mama Pasi. Macho yake yakatoka kwenye V yakaenda kwenye O, yakapanda kwenye mraba mtupu juu yake, yakakaa hapo. Alivaa koti. Alisahau kuvaa tai. Mama Pasi alimpelekea kesho yake, imenyooshwa, bila kikaratasi.

Wiki mbili zile alizungumza na pasi tu. Hotuba yake aliikunja akaiweka mahali anapoweka vitu visivyo na mwenyewe, vile ambavyo wateja hawarudi kuvichukua: soksi moja, mkanda, kitambaa cha mkononi chenye herufi za mtu. Gauni la bibi harusi, alilolishona Fundi, alilinyoosha mwenyewe asubuhi ya siku hiyo. Alijaribu chuma kwenye gazeti, akangoja, akajaribu tena. Alianza na kola, kama kawaida, akamalizia na pindo. Binti alipolivaa alimuuliza mama yake kama ana hasira. Mama Pasi akamwambia asimame wima, atalikunja kiunoni.

Ukumbini, meza ya watu wa duka iliwekwa nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Fundi alikuwa akiangalia mishono yake ikipita. Breki alikuwa amekula vizuri, bila kubakiza ort, na sasa amefumba macho, mikono juu ya tumbo. Mama Pasi alikaa mbele kando ya mdogo wake, magoti pamoja, kama abiria. Wazazi wa kijana walishazungumza, kwa Kiingereza kizuri kisicho na mikunjo. Mshereheshaji akauita upande wa bibi harusi.

Shemeji alipanda jukwaani na karatasi mbili. Alizinyoosha, akasogeza kipaza sauti, akausubiri ukumbi utulie kama anavyolisubiri darasa.

"Welcome," alianza.

"Napinga," ilisema sauti kutoka nyuma.

Haikuwa sauti ya ugomvi. Ilikuwa sauti ya mtu anayejibu salamu. Vichwa mia mbili viligeuka vikamkuta Breki, macho yamefumba bado, kidevu kifuani. Mpaka leo anaapa kwamba alikuwa usingizini, kwamba alisikia herufi W ikipita na mdomo ukafanya kazi yake wenyewe, kama mguu wa dereva unavyotafuta pedeli kitandani. Fundi anasema alimwona akifungua jicho moja. Wakwe walitazamana. Mshereheshaji alicheka peke yake, akaacha.

Mama Pasi alitamani sakafu ipasuke. Alimtazama Shemeji, na Shemeji alikuwa akimtazama yeye. Alisimama pale na karatasi zake mbili, bila shaka zisizo na kosa hata la nukta, na uso wake ulikuwa uleule wa siku alipokifunua Kitabu akakuta D. Akazikunja karatasi mara moja, akazikunja tena, akazitia mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema kwa Kiswahili, "katika familia hii tuna sheria, na mimi nilizikubali mbele ya mashahidi. Neno langu limepingwa, na kitabuni halimo. Nimepoteza zamu. Zamu ni ya dada yangu."

Akashuka. Alipopita kando ya kiti cha Mama Pasi aliinama kidogo, kama anayeokota kitu. "Ile V niliiona, Dada," alisema.

Kutoka kwenye kiti mpaka jukwaani zilikuwa hatua kumi na moja. Alizihesabu kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na kichwa chake. Hotuba ilikuwa dukani, pamoja na ile soksi moja. Alikishika kipaza sauti mahali ambapo angeshika pasi. Aliwasalimu wakwe, akawaambia kwamba yeye ni mtu wa kufua, na kwamba akitaka kuwajua watu hawaulizi, huangalia makola yao. Kijana wao makola yake ni safi kwa ndani, ambako hakuna anayeangalia, na hapo ndipo alipokubali posa, kabla binti hajamaliza kueleza. Mama wa kijana alianza kucheka. Akasema kwamba Kiingereza anakijua kuanzia D mpaka S, lakini leo ataomba ruhusa ya kuvuka mpaka kwa neno moja. Kwa desturi ya nyumbani kwake, anayeleta neno hutaja maana na kutoa sentensi juu ya mtu aliyemo chumbani.

"Neno langu ni vow," alisema. "Ni ahadi ambayo mtu hawezi kuiondoa ubaoni akishaiweka. Kitabuni kwetu halimo, niliunguza mwenyewe ukurasa wake. Binti yangu, siku baba yako alipopanda basi niliweka vow kwamba siku kama hii hakuna atakayekusemea kabla yangu. Kuna mtu ameniwahi kwa neno moja. Nimemsamehe."

Ukumbi ulicheka, na Shemeji, kwenye kiti chake, akacheka zaidi ya wote, akichezea fundo la tai. Kule nyuma, karibu na mlango wa jikoni, Breki alikuwa amefungua macho yote mawili. V ilikuwa imemfikia. Alivuta pumzi, akafungua mdomo.

Fundi akamkanyaga mguu.